Gemu za kusukuma maboksi: ipi uinunue, ipi upakue bure, ipi uiache

Anayeshinda bandarini Kigoma, au pale Kibirizi mitumbwi inapopakia, ameshaiona kanuni ya gemu hizi bila kuwasha simu. Gunia likishaingizwa kwenye kona ya ghala na mengine yakalizingira, halitoki mpaka yale mengine yatolewe. Ila kuli wa bandarini ana mikono na anaweza kuvuta. Mhusika wa gemu hana ruhusa hiyo. Anasukuma tu, na kwenye gemu mama, Sokoban, ni boksi moja kwa wakati. Raha yote ya gemu hizi, na matusi yote zinayotukanwa, chanzo chake ni makatazo ya namna hiyo.

Kwa sura zinafanana: sakafu ya miraba, michoro ya kizamani, mishale minne ya kutembelea, basi. Ukiziona dukani utadhani ni gemu moja iliyopakwa rangi tofauti. Wachezaji wanapobishana ipi ni kali na ipi ni ya kuchosha, mara nyingi wanabishania namna gemu inavyokukwamisha. Kuna kukwama kwa sababu umeharibu mwenyewe, kuna kukwama kwa sababu hujaelewa kanuni, na kuna kukwama kwa sababu nafasi ya kujigeuza haipo. Mtu anayefurahia namna moja anaweza kabisa kuichukia nyingine. Kwa hiyo angalia hilo kwanza, bei baadaye.

Sokoban: mama yao, na ni ya bure

Sokoban ilibuniwa na Hiroyuki Imabayashi na kutolewa na kampuni ya Kijapani ya Thinking Rabbit mwaka 1982. Jina lake kwa Kijapani ni mtunza ghala. Siku hizi si gemu moja tena, ni ukoo mzima: simu zina programu nyingi za bure za aina hii, na kwenye kompyuta kuna JSoko na Sokoban YASC, nazo bure. Levo zake huandikwa kwa herufi za kawaida. Alama # ni ukuta, @ ni mchezaji, $ ni boksi, nukta ni mahali boksi linapotakiwa kufika, kistari ni sakafu tupu. Hii hapa ndogo:

```
#########
#-------#
#-@$-$..#
#-------#
#########
```

Anayeiona kwa mara ya kwanza hubonyeza kulia, maana boksi liko mbele yake na nukta ziko upande huohuo. Hapo ameshakufa, na bado hajui. Boksi la kwanza limegusana na la pili, na mawili hayasukumiki kwa pamoja. Mraba ambao angesimama ili alisukume lile la pili sasa umekaliwa. Akisema alitoe la kwanza kwa kulisukuma juu au chini, linabandikana na ukuta. Na boksi lililobandikana na ukuta usio na nukta limekwenda, kwa sababu ili ulirudishe katikati ingebidi usimame ndani ya ukuta.

Njia ni hii: juu, kulia mara mbili, chini, halafu kulia mara mbili. Boksi la mbali limekaa kwenye nukta ya mwisho. Sasa juu, kushoto mara nne, chini, halafu kulia mara tatu. Hatua 15 na umemaliza.

Chumba kidogo namna hiyo kina karibu kila kitu kinachoua levo kubwa. Boksi la kwenye kona lisilo na nukta halitoki. La ukutani hutembea kwa kuufuata ukuta tu. Maboksi manne yakipangana mraba wa mawili kwa mawili hujifunga yenyewe hata kama yako katikati ya uwanja. Na nukta za ndani hujazwa kabla ya zile za mlangoni, kama unavyopakia lori: mzigo wa kushuka mwisho ndio unaoingia kwanza. Ukishindwa kabisa, igeuze levo kichwani. Chukulia maboksi yameshakaa kwenye nukta zake, halafu yavute moja moja kurudi yalikotoka. Boksi linalokataa kuvutika mpaka mengine yatoke ndilo linalotakiwa kuingia kwanza.

Wanaoipenda Sokoban wanapenda kwamba haina bahati wala siri. Kila kitu kiko mbele ya macho. Wanaoikimbia wana sababu nzuri pia: kwenye levo ndefu, kosa la hatua ya 30 unaligundua kwenye hatua ya 300. Sehemu ya lawama hiyo ni ya programu kuliko gemu. Nyingi hukuanzishia zile levo 90 za XSokoban, toleo la zamani la kompyuta, ambazo si za mwanafunzi hata kidogo. Tafuta mkusanyo uitwao Microban wa David W. Skinner, wenye levo 155 ndogondogo, ambapo kila moja inakufundisha jambo moja na nyingi zinamalizika ndani ya dakika chache. Na usijilaumu zikikushinda: mwaka 1997 Joseph Culberson alithibitisha kihisabati kwamba Sokoban iko kwenye kundi la mafumbo magumu hata kwa kompyuta.

Kabla hujaizoea programu yoyote ya simu, ipime hivi. Zima data kwanza uone kama inafunguka. Ikifunguka, umepata gemu ya safarini, na matangazo mengi yatanyamaza. Kisha rudisha hatua nyuma mara ishirini mfululizo. Zipo zinazokupa marudio matatu halafu zinakutaka utazame tangazo ili upate mengine. Hizo futa palepale, maana kwenye Sokoban kurudisha hatua si upendeleo, ndiyo kalamu na kifutio chako. Mwisho, gusa mraba wa mbali uone kama mtu anatembea mwenyewe mpaka pale. Programu za kutelezesha kidole kwa kila hatua huzaa makosa ambayo hayakutoka kichwani mwako, hasa kwa kioo chenye nyufa au kidole chenye jasho.

Ukitaka kumtumia mwenzako levo kwa WhatsApp, anza na malizia kwa alama tatu za mkato wa nyuma (```), zile za kugeuza maandishi yawe ya upana mmoja. Usipofanya hivyo kuta zinapinda. Sakafu iandike kwa vistari badala ya nafasi tupu, maana nafasi za mwanzo wa mstari hupotea njiani.

Baba Is You na Patrick's Parabox: hapa ndipo watu hugawanyika

Kwanza tumalize suala la jina. Baba wa humo si mzee wa mtu. Ni kanyama keupe, na kufanana kwa jina lake na neno letu ni bahati tu. Gemu ilitengenezwa na Arvi Teikari wa Finland ikatoka mwaka 2019. Ya simu ilifuata mwaka 2021. Ina levo zaidi ya 200.

Ndani yake kanuni za levo zimeandikwa sakafuni kwa maneno, neno moja kwa kila mraba: BABA IS YOU, WALL IS STOP, FLAG IS WIN. Maneno hayo nayo ni maboksi. Ukisukuma STOP ikatoka kwenye mstari, ukuta haukuzuii tena. Unapita katikati yake kama moshi. Ukiweka WALL mahali pa BABA, wewe sasa ni ukuta, na mishale yako inatembeza kuta zote za levo kwa mpigo mmoja. Sentensi husomwa kutoka kushoto kwenda kulia au juu kwenda chini; ikiwa kinyume haihesabiki. Na ukiivunja BABA IS YOU bila kuweka YOU nyingine, hakuna tena unayemwongoza. Kila kitu kinasimama, na dawa ni kurudisha hatua.

Patrick's Parabox ya Patrick Traynor ilitoka mwaka 2022. Yenyewe haina maneno ya kusukuma. Boksi humo ni chumba: lina mlango, unaingia, ndani kuna maboksi mengine, na mojawapo linaweza kuwa ni chumba kilekile ulichotoka. Ukilisukuma boksi likagonga ukuta na halina pa kwenda, lenyewe linakumeza wewe au linameza lililo mbele yake. Kwa maelezo inasikika kama wazimu. Ukiwa na mishale mkononi unaielewa ndani ya dakika kumi. Ina mafumbo zaidi ya 350, mengi yakiwa na hatua chache.

Ukiziweka pamoja, ya kwanza kuonekana ni lugha. Baba inataka Kiingereza, japo kidogo. Maneno ni mafupi na yanajirudia, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayamudu. Shida iko kwenye maneno kama AND, NOT, HAS na MAKE, kwa sababu NOT ikiachwa sehemu isiyotarajiwa inabadilisha maana ya mstari mzima. Asiyejua Kiingereza kabisa anaweza kuyakariri kama alama, lakini raha ya kuona sentensi inageuka maana inampita. Parabox haina tatizo hilo. Mtoto wa darasa la nne na babu yake wanaweza kukaa kwenye kompyuta moja na kuicheza bila kusoma chochote.

Kwenye ukali zinaachana kabisa. Parabox hupanda kama barabara ya lami: kila wazo jipya linaletwa kwa fumbo jepesi, linafuatwa na mawili matatu ya kulikoroga, kisha linakuja jingine. Wachezaji wengi huisifu kwa ufundishaji huo. Wachache wazoefu husema hadi nusu ya gemu wanapita bila kutoka jasho, na sehemu ngumu kweli ni zile za pembeni ambazo si lazima uzifanye. Baba hupanda kama njia ya kushuka ufukweni kwa miguu: tambarare, tambarare, kisha ghafla jabali. Levo tano zinaweza kukupa kiburi na ya sita ikakaa nawe wiki. Kosa haliko vidoleni. Kuna jambo moja kuhusu kanuni ambalo hujawahi kulifikiria, na mpaka ulione hakuna idadi ya majaribio itakayokusaidia. Ndiyo sababu wengine huiita bora kuliko zote na wengine huiacha kwenye ramani ya tatu bila majuto.

Ramani ya Baba inakuruhusu kuacha levo moja na kuingia nyingine, wala hulazimiki kumaliza zote za eneo ili lihesabike. Tumia ruhusa hiyo. Kosa la kawaida ni kung'ang'ania levo moja saa mbili, kisha kufungua YouTube kutazama jibu. Jibu la Sokoban ukilitazama bado una kazi ya kulifuata. Jibu la Baba ukilitazama fumbo limekufa, maana fumbo lote lilikuwa ni lile wazo moja. Ukikwama, soma kanuni zote zilizo sakafuni kwa sauti, moja moja, kisha jiulize ipi haina kazi mpaka sasa. Mtengenezaji haweki neno bure. Halafu angalia maneno yaliyokwama kwenye kona: hayo huwezi kuyatoa, kwa hiyo kanuni hiyo itabaki, na jibu lazima liishi nayo.

Kwa kioo kidogo cha simu Baba inachezeka vizuri levo za mwanzo. Zenye uwanja mpana miraba inakuwa midogo na macho yanachoka. Hapo kompyuta inashinda. Ukilazimika kununua moja tu, na unacheza peke yako usiku, chukua Baba. Kama ni gemu ya kuchezwa na watu wawili watatu wamekaa kwenye benchi moja, Parabox, bila ubishi.

Stephen's Sausage Roll: usianze hapa

Ya Stephen Lavelle, mwaka 2016. Ilitoka kwa karibu dola 30, wakati Baba ilikuwa 15 na Parabox 20, na bei hiyo peke yake imezaa malalamiko mengi kuliko ugumu wake. Michoro ni ya kikauzu kwa makusudi. Maelekezo karibu hayapo. Na levo za kwanza tayari ni ngumu kuliko za mwisho za gemu nyingi.

Una uma mrefu mbele yako, kwa hiyo unachukua miraba miwili. Soseji nayo ni miraba miwili. Kila kipande kina juu na chini, jumla pande nne, na kila upande uguse jiko mara moja tu. Ukiguswa mara ya pili umeungua na levo imeharibika. Ukiisukuma soseji kwa ubavu inabiringika na kugeuka. Ukiisukuma kwa ncha inateleza bila kugeuka. Ukigeuka mwenyewe, uma unazunguka kama fimbo na kupiga kilicho kando. Soseji ikiingia baharini ndiyo imekwenda. Zote zikiiva inabidi urudi pale ulipoanzia.

Muuza mishikaki wa Mwanga hugeuza mti wake kwa vidole viwili. Humu kugeuza soseji moja kunaweza kuhitaji uzunguke kisiwa kizima kutafuta mraba mmoja wa kujigeuzia. Hii ndiyo ile namna ya tatu ya kukwama: kanuni unazijua, hujaharibu kitu, ila mwili wako wenyewe hautoshi pale. Wanaoipenda wanaipenda kupita kiasi, na wanayo haki, kwa sababu hakuna fumbo la kujazia nafasi. Kila moja lina hoja yake. Lakini asiyefika levo ya 50 ya Microban kwa jasho lake hataifurahia. Dola 30 ni pesa nyingi kujifunzia kwamba hupendi kitu.

Nyingine, kwa haraka

A Good Snowman Is Hard To Build, ya mwaka 2015, ni ya kubiringisha matonge ya theluji. Tonge likipita juu ya theluji linakua, na unataka kubwa chini, la kati, kisha dogo juu. Theluji ya Kigoma ni ile ya ndani ya friji, lakini kanuni inaeleweka hata hivyo. Ni fupi, ni tulivu, ipo ya simu, na kwa anayeanza ni salama kuliko Baba.

Helltaker, mwaka 2020, ni ya bure kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Kila levo inakupa idadi maalumu ya hatua, na unaweza kuruka levo usiyoiweza. Inaisha kwa muda wa mechi moja ya mpira. Ila wahusika wake ni mashetani wa kike waliovaa suti, na mazungumzo ni ya kutongozana. Usimfungulie mtoto mbele ya bibi.

A Monster's Expedition, mwaka 2020: unaangusha miti, unabiringisha magogo, unajenga madaraja ya kwenda kisiwa kingine, na magogo mawili yakiungana unapata chelezo. Kwa mtu wa ziwani inakaa vizuri moyoni. Sifa yake kubwa ni kwamba ukikwama njia hii, nyingine ipo wazi.

Mashine, umeme na malipo

Baba, Parabox na Sokoban ni za michoro bapa, na kompyuta mpakato ya mtumba huzimudu. Stephen's na Monster's ni za kina cha pande tatu. Kwa mashine ya zamani zinaweza kwenda kwa kusuasua. Steam hurudisha pesa kama umeomba ndani ya siku 14 na hujavuka saa mbili za kucheza. Basi zitumie saa hizo kupima mashine, wala usizimalize kwenye fumbo la kwanza.

Kulipa, utahitaji kadi ya Visa au Mastercard, au kadi pepe inayotengenezwa ndani ya huduma ya pesa za simu. Weka salio lizidi bei kidogo, kwa kuwa bei ni ya dola na ubadilishaji hula juu yake. Malipo mengi yanayokataliwa hukataliwa kwa pengo hilo dogo, si kwa kosa la kadi.

Kama unapanda treni ya Kigoma kwenda Tabora, usisubiri mpaka stesheni. Ukishapita Uvinza kuelekea Malagarasi kuna vipande virefu ambavyo mtandao haupo. Nyumbani, ukiwa na intaneti, fungua kila gemu mara moja mpaka ifike kwenye levo, kisha iambie Steam ifanye kazi nje ya mtandao, zima data, na uifungue tena kuhakikisha. Gemu iliyopakuliwa lakini haijawahi kufunguliwa ndiyo hukukatalia ukiwa katikati ya pori. Punguza mwanga wa kioo; gemu hizi hazina haraka wala giza.

Na kama pesa haipo kabisa

Kuna PuzzleScript, zana ya bure ya huyohuyo Stephen Lavelle, ya mwaka 2013. Inafunguka ndani ya kivinjari, na watu wametengenezea humo mafumbo mengi sana ya kusukuma unayoweza kuyacheza bila kulipa. Z inarudisha hatua, R inaanza upya. Ubora wake hauko sawa: moja litakuwa almasi, matatu yanayofuata yatakuwa mazoezi ya mtu aliyekuwa anajifunza.

Ila kuna kitu humo ambacho gemu za dola 20 hazina. Kanuni nzima ya Sokoban ni mstari mmoja wa maneno na mishale: mchezaji akielekea upande lilipo boksi, na boksi lielekee huko. Ondoa mshale wa mwisho, ule wa boksi, na boksi linakataa kusogea. Geuza mishale yote na boksi linavutika badala ya kusukumwa. Ukimaliza, zana inakutolea faili moja la HTML, linalofunguka kwenye kivinjari. Unalitia kwenye flashi au kulirusha kwa Bluetooth, na mwenzako wa Ujiji analicheza bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. Anza na chumba cha miraba saba kwa tatu, maboksi mawili. Ukitia matatu mwanzoni, hata wewe mwenyewe hutajua kama levo ina jibu.